Kwa Sasa Sina Nafasi

Shuleni kwetu watoto walimwita Mwalimu Stempu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kabla hajashika chaki alikuwa mchambuzi wa barua posta, mmoja wa wale wanaokaa chumba cha nyuma wakizigawa bahasha kwenye vishimo vya rafu. Tawi lao lilipofungwa, wenzake walikwenda kuuza mitumba na vocha. Yeye akaenda kusomea kompyuta pamoja na vijana wa rika la mwanawe, akarudi na cheti na miwani mipya. "Nimehama chumba tu," alikuwa akiniambia. "Kazi ni ileile, barua imfikie mwenyewe."

Mimi nafundisha hesabu, na tuligawana meza moja katika chumba cha walimu, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa feni isiyozunguka. Kwa hiyo mambo yake nayajua, hata yale ambayo sikuomba kuyajua. Najua kwamba mumewe ni kinyozi, na kwamba nyumbani hata sabuni ina zamu yake. Najua kwamba katika miaka yote ya posta hakupoteza barua hata moja. Hilo alilisema mara nyingi mpaka nikawa naliimba naye kwa pamoja, naye hucheka na kunipiga kibao cha bega.

Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mashine zenyewe zilikuwa za msaada, zimechoka kabla hazijafika. Kuna moja ambayo herufi yake ya M ilikuwa imeng'oka, watoto wakawa wanaibonyeza kwa ncha ya penseli, na mtoto aliyepangiwa mashine hiyo alikwepa kila neno lenye M, jambo ambalo kwa Kiswahili ni adhabu. Juu ya ubao Mwalimu Stempu alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi yake makubwa: BARUA ISIYOJIBIWA NI MGENI ALIYEACHWA MLANGONI.

Alifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Watoto wa darasa la sita walijua kuandika anwani bila kuruka nukta, walijua kutenga za kujibu leo, za kuhifadhi na za kutupa, na walijua kutofungua ujumbe wa mtu anayekuahidi gari wakati hata baiskeli hujamwomba. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, alitaka waandike kiofisi. Kila ujumbe uwe na Yah, uwe na dhumuni, umalizie na wako mtiifu. Mtoto mmoja alimwandikia shangazi yake, "Yah: Ombi la kununuliwa viatu vya mpira." Shangazi alicheka mpaka akavinunua, na Mwalimu Stempu akaja kunionyesha mshindi wake kana kwamba ni yeye aliyepata viatu.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyeitwa Nukta. Jina hilo walimpa wenzake kwa jinsi alivyoibonyeza nukta mwishoni mwa sentensi, kwa kidole kigumu, mpaka meza ikaruka. Mama yake alifariki. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, akapata kazi ya kujenga daraja mbali sana, mahali ambapo simu haishiki, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Siku ya kuondoka Nukta alijifungia jikoni, akakataa kutoka kumuaga. Baba aliongea na mlango mpaka gari la kazini likapiga honi, akaenda zake bila kuonana na mtoto.

Hayo Nukta hakuwahi kumwambia mtu ila Mwalimu Stempu, na alimwambia kwa sababu alikuwa na swali la kikazi. Kule kambini, ofisi ya msimamizi ilikuwa na kompyuta yenye mtandao, mafundi waliruhusiwa kuitumia Jumapili. Mtoto akauliza, "Mwalimu, ukiandika samahani kwenye barua pepe, inafika?"

"Inafika."

"Yote?"

"Yote. Mimi sijawahi kupoteza barua."

Basi wakaanza. Baba aliandika kila Jumapili, binti akajibu kila Jumatatu, kipindi cha kompyuta. Taratibu mambo yakanyooka. Walihama kutoka "hujambo" na "sijambo" wakafika kwenye vichekesho, kisha wakafika kwa mama. Mwalimu Stempu hakuzisoma barua zao, posta ilimfunza hivyo, lakini uso wa mtoto aliusoma, akaja mezani kwetu akiwa ameridhika na maisha. "Unaona?" aliniambia. "Hesabu zako zitamfanyia hivyo?"

Wiki ya mwisho kabla ya likizo ndefu, Jumatano, aliwafundisha jibu la otomatiki. Ni lile jibu ambalo kisanduku cha barua pepe kinalituma chenyewe kila barua inapoingia, kama mtu hayupo. Alilipenda sana somo hilo, maana lilikuwa ni karatasi yake ya ukutani iliyopata uhai, kwamba hakuna mgeni atakayeachwa mlangoni tena. Aliandika ubaoni mfano aliouona wa heshima na mfupi, kama wa mkurugenzi: "Nimepata ujumbe wako. Kwa sasa sina nafasi. Nitakujibu nikipata nafasi."

Watoto wetu mnawajua. Kilichoandikwa ubaoni ni cha kunakiliwa, hata mwalimu akiandika tarehe vibaya wanaiandika vibaya kwa mwandiko mzuri. Darasa zima likawasha jibu hilo, neno kwa neno. Lilikuwa zoezi tu. Ijumaa, siku ya kufunga shule, kulikuwa na kipindi kingine cha kompyuta, na kazi ya kipindi hicho ilikuwa moja, kulizima.

Ijumaa hiyo Mwalimu Stempu alikuja mezani akiwa na mkoba begani. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na gauni ambalo yeye Mwalimu angelivaa harusini lilikuwa limembana kwapani, fundi cherehani kamwambia awahi kabla ya foleni. "Nishikie darasa la sita, dada yangu," akaniambia. "Hawana kazi kubwa." Nikalishika. Nikawapa sehemu zenye asili tofauti, wakanichukia hadi kengele. Kisha shule ikafungwa, na chumba cha kompyuta kikafungwa kwa kufuli, maana visanduku vya watoto vilifunguka kwenye mashine zile tu.

Jumatatu ya kufungua shule niliingia chumbani mwake kuchapisha mtihani wa mwanzo wa muhula. Nilikuta kicheko. Mapacha wa darasa la sita waliandikiana Jumatano ile ya zoezi, na visanduku vyao vikawa vimejibizana likizo nzima, sina nafasi, nami sina nafasi, mpaka vyote viwili vikajaa na kukataa kazi. Kijana mwingine alisema mjomba wake hasemi naye tangu alipomwalika matembezi akajibiwa kama waziri. Mwalimu Stempu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Nukta hakucheka. Alikuwa kwenye ile mashine isiyo na M, amekaa wima, na uso wake ulikuwa umemwishia damu. Mwalimu alimwendea kwa nyuma akiwa bado na kicheko mdomoni, na safari hii, kwa mara ya kwanza, alisoma.

Baba alikuwa ameandika kila Jumapili. Ya kwanza ilikuwa na furaha: najua mmefunga shule, sasa nafasi ipo, niandikie marefu. Akajibiwa hana nafasi. Ya pili alicheka, akamwita binti mkubwa wa ofisi, akajibiwa hana nafasi. Ya tatu ndiyo ilikuwa na jambo lenyewe. Daraja linaisha, aliandika, nataka kurudi nyumbani nifungue karakana yangu hapo tukae pamoja, lakini sitaki kukuamulia tena kama nilivyokuamulia nilipoondoka, sema wewe mwanangu, nirudi? Kisanduku kikamjibu kwa adabu zote kwamba kimepata ujumbe wake na kwa sasa hakina nafasi.

Zilizofuata zilizidi kuwa fupi. Ya mwisho ilikuwa ya jana yake. "Nimeelewa. Bado una hasira na haki unayo. Hapa wametoa kazi nyingine ya miaka miwili ng'ambo ya milima, majina yanafungwa kesho Jumatatu jioni. Nitaandikisha langu. Sitakusumbua tena."

Mwalimu Stempu aliinuka kutoka kwenye skrini, na darasa likanyamaza vipande vipande. Naijua sura ya mtu aliyekumbuka jambo. Nilimwona anamkumbuka fundi cherehani na gauni lake na mkoba begani. Kisha nikamwona anatazama juu ya vichwa vya watoto, na sauti aliyotoa haikuwa yake.

"Nani alikuambia uliache bila kulizima?"

"Mwalimu, hatukufundishwa kuzima," alisema Nukta.

"Niliwaambia Ijumaa! Niliwaambia wote mzime! Ninyi masikio yenu yako likizo kabla ya miguu."

Aliruka kimanga, mbele ya watoto wote waliokuwa na mimi Ijumaa hiyo wakihangaika na sehemu. Baadhi yao waligeuka kunitazama. Kwetu mwalimu hamvui nguo mwenzake mbele ya wanafunzi, hilo ni jambo la chumba cha walimu, na mimi nilijua ningelifikisha huko kabla ya chai kupoa. Lakini Nukta hakunitazama. Mtoto anayemwamini mtu, akiambiwa amekosa, huanza kujitafuta mwenyewe. Alitafuta, akalipata kosa ambalo hakuwa nalo.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Labda nilisahau."

Na Mwalimu Stempu akamsamehe. Alimwambia, "Haya, yamepita, tuandike." Akasimama nyuma yake akamsomea cha kuandika, na mtoto akaandika, akichoma M kwa penseli. "Yah: Kuomba radhi. Baba mpendwa, natumaini hujambo. Dhumuni la ujumbe huu ni kukujulisha kwamba nilisahau kuzima jibu la otomatiki. Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali usiandikishe jina. Wako mtiifu." Ukatumwa. Ilikuwa bado asubuhi, na jioni ilikuwa mbali.

Chai haikupoa. Nilimwambia tukiwa wawili tu mezani, "Ijumaa walikuwa na mimi."

"Najua walikuwa na nani."

"Sasa?"

"Sasa barua imekwenda, baba yake ataelewa. Tukilichokonoa jambo hili mtoto atanionaje? Nitawaambia wiki ijayo, kwa njia nzuri." Alikuwa anazipanga kalamu zake zilizokwisha pangwa. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia mimi si mke wa mchungaji.

Saa za jioni, kabla ya kwenda nyumbani, alipitia kibanda cha mumewe. Haya alinieleza mwenyewe baadaye, na alinieleza yote. Mumewe alikuwa na mteja kitini, akawa anasikiliza huku mashine inanguruma. Alipofika pale mtoto alipoomba msamaha, mashine ikazimwa.

"Mtoto kakuomba msamaha wewe?"

"Nilichanganyikiwa, baba watoto."

"Mke wangu, mimi nikimkata mtu sikio simwambii kichwa chake kilitikisika. Na wapo ambao vichwa vyao vilitikisika kweli."

Mteja kitini alishika sikio lake. Mwalimu Stempu alisema hakuweza hata kucheka. Roho ilikuwa inamsuta tangu asubuhi, lakini hapo ndipo ilipomkaba. Alikumbuka sauti ya mtoto ikisema labda nilisahau, na akaona kwamba kosa la Ijumaa lilikuwa la kusahau tu, la kibinadamu, lakini la Jumatatu alilitenda macho makavu, kwa mtoto asiye na mama, ili yeye abaki mtu ambaye hajapoteza barua.

Jumanne alifika shuleni kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Alimwomba mwalimu wa sayansi kipindi chake, akawapeleka darasa la sita chumba cha kompyuta, akanifuata na mimi pia niwepo. Hakukaa. Alisimama chini ya karatasi yake ya ukutani.

"Jana nilisema niliwaambia mzime. Nilisema uongo. Ijumaa sikuwapo, nilikwenda kupima gauni. Hakuna aliyesahau hapa isipokuwa mimi. Nukta, hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyekukosea, kisha nikakuacha uniombe msamaha. Nisamehe."

Watoto hawajui wakae vipi mtu mzima anapoomba msamaha. Mmoja alijikuna, mwingine akasimama kwa heshima akaketi tena. Nukta aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

"Basi nimemdanganya baba," alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto mdogo kuliko umri wake. Mwalimu wake aliinua mkono kumshika bega, akaurudisha.

Alipotulia aliomba kuandika, na safari hii hakuna aliyemsimamia. Hakuweka Yah wala dhumuni. Alituruhusu kusoma kabla ya kutuma, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya kusahihishwa. "Baba nafasi ninayo. Ninayo yote. Ile mashine ndiyo ilikuwa inajibu, mimi sikuwepo. Rudi. Siku ile jikoni nilikuwa nimeshika kitasa. Nilikuwa nataka kufungua." Kila nukta meza iliruka.

Kisha Mwalimu Stempu akakaa kwenye mashine yake kumwandikia fundi. Mtu aliyekuwa na mfano wa kila barua duniani alikaa akitazama ukurasa mweupe mpaka kipindi kikaisha. Sehemu ya kichwa cha habari aliandika, "Yah: Kosa langu, si la mtoto." Chini yake akaeleza somo la Jumatano, gauni la Ijumaa na uongo wa Jumatatu, bila kujipunguzia. Akaituma kwa baba na nakala kwa msimamizi wa kambi, akimwomba kwa jina la Mungu asimwache fundi huyo apande gari la kwenda ng'ambo ya milima.

Majibu yalikuja Jumatano, msimamizi akiwa amemfungulia fundi ofisi nje ya siku yake. La Nukta lilikuwa refu, halina nukta hata moja, limeandikwa mbio na mtu anayeficha machozi. Alisema alikuwa amekwisha jiandikisha na kuweka kidole. Ule ujumbe wa Jumatatu aliupata mapema, msimamizi alimwita mwenyewe ausome, akausoma mara mbili. Lakini hakumsikia mwanawe humo. "Nilimsikia mwalimu anaongea kiofisi nikajua wamekulazimisha nikasema basi mtoto hataki na shule inamwandikia nikaenda kuweka kidole." Kujitoa hawezi, gari lingeondoka alasiri hiyohiyo. Atakuja likizo ya kwanza watakayompa. Huko aendako hakuna kompyuta, lakini madereva wanapita, atatuma barua za karatasi, naye amtumie. Na mlango wa jikoni, alisema, alijua. Alikuwa anaona kitasa kinavyotikisika.

Miaka miwili. Mwalimu Stempu aliipiga hesabu mwenyewe bila msaada wangu. Kama mtoto angeachwa aandike kwa kinywa chake Jumatatu ile asubuhi, baba angekuwa njiani kurudi. Uongo wake haukudumu hata siku mbili, lakini ulipata nafasi ya kufika kambini na kurudi.

Yeye naye alijibiwa. Aliponiita nisome nilidhani ni matusi, na nadhani yeye pia alitamani yawe matusi. Fundi hakuiachia mashine imjibie, aliketi akayaandika maneno yenyewe herufi kwa herufi kwa vidole vya kuchomelea vyuma.

"Nimepata ujumbe wako. Kwa sasa sina nafasi. Nitakujibu nikipata nafasi."

Nilimwambia yule mtu ni mkali. Akasema hapana, amejibu. Mgeni hakuachwa mlangoni.

Ile karatasi ya ukutani aliibandua siku hiyo. Sasa anafundisha kuzima kabla ya kuwasha, na ubaoni haandiki mfano wowote, anawaambia waseme yao hata yakiwa na makosa. Lile jambo la kutopoteza barua hajalitaja tena, nami siliimbi. Barua za karatasi za Nukta anazipeleka mwenyewe kituo cha malori, anamtafuta dereva anayekwenda ng'ambo ya milima, anamkabidhi mkononi na kumsumbua kwa maswali mpaka dereva anapandisha kioo. Nukta humsalimia kama zamani, na hilo linamuumiza kuliko kama angekuwa amemnunia.

Kila jioni kabla ya kufunga chumba anafungua kisanduku chake, ingawa anajua huko aliko fundi hakuna kompyuta. Mimi humsubiri mlangoni na mkoba wangu, nasikia mashine inavyohema ikitafuta. Kisha anaizima, anakuja, na tunatembea hadi njia panda tukiongea mambo mengine.